Fundi wa Rimu na Abiria Niliyemficha

Ukipeleka gari kwa Fundi wa rimu, yule wa njia ya kutokea Bariadi kwenda Lamadi, jirani na mashine ya kusaga, swali lake la kwanza halihusu gari. Mafundi wengine watakuuliza unataka inchi ngapi, za kung'aa au nyeusi. Yeye atafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko hiyo mikono, atakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha atauliza taratibu, nyumbani mpo wangapi.

Mimi nilimjibu uongo. Nalisema mapema ili usije ukaniona mtu mwema huko mbele. Mzee huyu alikuwa na jambo moja tu la kujivunia hapa mjini, kwamba hakuna gari lililofungwa rimu kwake likarudi tairi linakwaruza bodi. Hakuna, miaka yote. Mimi, mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikamharibia jina hilo kwa neno moja, naye akaamini kuwa yeye ndiye aliyekosea. Kwa miezi kadhaa nilijua ukweli, nikanyamaza. Sasa acha nikueleze ni mtu wa namna gani niliyemfanyia hivyo.

Ni mfupi, mpana wa kifua, na Kiswahili chake ni cha kwetu, hakina mbwembwe. Akikasirika anarudi kwenye Kisukuma bila kuaga. Akikataa jambo husema "yaya" mara moja tu, na hapo hata ukija na nani, limekwisha. Salamu yake si ya kukimbia. Utasema mwangaluka, utaulizwa habari za mvua, za ng'ombe, za pamba, za watoto, na wewe utauliza za kwake, ndipo utaruhusiwa kutaja tairi. Ukianza na tairi, anakuwa kama hajasikia. Nilimshuhudia mfanyabiashara mmoja mwenye haraka akirudishwa kwenye salamu mara tatu. Mara ya tatu aliuliza mpaka habari za mbuzi wa jirani, jeki ikatoka.

Vidole vyake ndiyo rula. Siku moja nilikipima kidole chake cha shahada kwa rula ya shule, kwa idhini yake, naye akatulia kama mtu anayepimwa presha. Kilikuwa milimita kumi na nane. Alifurahi kuliko nilivyotarajia, akawa anawaambia wateja kwamba kidole chake sasa kimethibitishwa na mwalimu. Sheria yake ilikuwa fupi: kidole kimoja ndani, kidole kimoja nje, ngumi juu. Maana yake, kati ya tairi na shokapu kipite kidole, kati ya tairi na ukingo wa madigadi kipite kidole, na juu ya tairi, kwenye uvungu wa madigadi, iingie ngumi nzima izunguke.

Hiyo ngumi wageni hawaielewi. Wageni wanapima tairi. Sisi wa huku, wenye mbuga ya udongo mweusi, tunapima tairi pamoja na tope lake. Kuna kijana alihamishiwa ofisi za Lagangabilili, akaja na gari alilofungiwa matairi mapana huko alikotoka, wakati wa kiangazi, likapendeza kweli. Mvua ya kwanza ikamkuta katikati ya mbuga. Udongo ule ulijaa kwenye madigadi ukakazana mpaka magurudumu ya mbele yakagoma kuzunguka kabisa, gari linaburutwa kama sleji ya kukokotwa na ng'ombe. Fundi alipelekwa huko kwa pikipiki akiwa na panga. Alilichonga tope lile kwa saa nzima, akamwambia kijana, bila kumcheka, kwamba tairi halikuwa kubwa, ila tope nalo linahitaji mahali pa kukaa.

Mimi na yeye tulifanywa marafiki na ofseti. Nilikwenda kwake na rimu mpya nikajigamba kwamba zinaingia, matundu ya nati yanalingana matano kwa matano. Akaniuliza namba ya ofseti. Nikasema sijui hicho ni kitu gani. Alicheka hadi akakalia tairi. Kisha akailaza rimu kifudifudi, akaweka kiganja pale rimu inapokutana na gari, penye matundu ya nati, akanifundisha. Rimu ina upana, na upana una katikati yake. Ule uso wa nati, pale alipoweka kiganja, haukai katikati. Kwenye magari mengi madogo umesogea kuelekea nje, upande wa barabarani. Umbali kati ya katikati na uso huo ndio ofseti, na umegongwa kwa namba mgongoni mwa rimu. Namba ikipanda, tairi linaingia ndani, linaisogelea shokapu. Namba ikishuka, tairi linatoka nje, linaisogelea madigadi.

Nikachora mstari wa namba vumbini, sifuri katikati, chanya huku, hasi kule. Akausimamia, akauliza kwa nini hatufundishi hivi shuleni. Nikasema tunafundisha. Akasema, basi mbona hukujua. Toka siku hiyo wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajifunza namba hasi na chanya kwa rimu iliyolazwa juu ya meza, na mkuu wa shule amekwisha kuzoea.

Hesabu ya gari langu tuliifanya pamoja. Rimu za zamani zilikuwa na upana wa inchi sita, ofseti arobaini na tano. Mpya zilikuwa inchi saba, ofseti thelathini na nane. Inchi ya ziada ni milimita ishirini na tano na kidogo, unaigawa mara mbili, kumi na mbili na kitu ndani, kumi na mbili na kitu nje. Halafu ofseti imeshuka saba, kwa hiyo tairi zima linasogea nje saba. Jumla, ndani tunapoteza kama milimita sita, nje tunapoteza karibu ishirini. Nilipoinua kichwa toka kwenye karatasi, yeye alikuwa amekwisha kufika kwenye jibu lile lile kwa vidole. Akasema ndani kuna amani, vita iko nje, na vita hiyo itaamuliwa na mzigo.

Mzigo ndio ulikuwa dini yake. "Gari tupu ni mwongo," alikuwa akisema, na hilo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyosikia matangazo ya kanisani. Gari tupu limesimama juu, springi zimenyooka, tairi lina nafasi ya kucheza ngoma. Lijaze watu na magunia, lishuke, ndipo uone ukingo wa madigadi unavyoinama kulifuata tairi. Kwa hiyo hakumfungia mtu rimu akaondoka. Alikuwa na kopo la udongo mweusi aliolowesha na kuufunika kwa gunia. Anabandika donge moja kwenye ukingo wa madigadi, jingine kwenye shokapu, kila gurudumu. Halafu unapakia mzigo wako wa kweli, unaendesha hadi kwenye kalvati, unakata kona mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, unarudi. Yeye anapiga magoti kuusoma udongo. Ukiwa umelambwa na tairi, rimu zinatoka, hata ulie.

Yupo mama mmoja wa Lamadi anayeleta samaki. Alikuja na gari lake tupu asubuhi, Fundi akamrudisha akapakie kwanza. Yule mama alimtukana pale kwa lugha mbili, akaondoka, na kesho yake akarudi amejaza masanduku ya barafu na sato, maji yanachuruzika barabarani. Udongo ulikuwa umelambwa pande zote mbili. Fundi akamtafutia rimu nyingine, na mpaka leo mama yule anamtumia samaki kila akipita, ila matusi hajayaomba radhi. Na mchungaji mmoja alikuja na kwaya nzima ndani ya gari, maana ndio mzigo wake wa Jumapili. Wakaenda kwenye kalvati wakiimba, wakarudi wakiimba. Fundi mwenyewe huimba besi kanisani kwao, basi akawa anaitikia toka chini ya gari, amelala chali, miguu tu ndiyo inaonekana.

Abiria asiyekuwepo naye alikuwa na utaratibu wake. Ukisema, kwa mfano, kuna mjomba tunampeleka kijijini kila mwisho wa mwezi, Fundi anauliza, mwili gani? Halafu anakugeuza utazame pale kwenye mashine ya kusaga, ambapo watu hawakosi, umwonyeshe anayefanana naye. Huyo ataombwa kwa heshima aje akae ndani ya gari robo saa kwa niaba ya mjomba. Watu walikuwa wamezoea, wengine walipenda, maana wanapumzika kwenye kiti laini huku unga wao unasagwa. Kumbuka utaratibu huu, ndio ulioniponza.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Hajui kuendesha gari. Hajawahi hata kulitoa gari mita kumi. Anakaa kiti cha nyuma, sikio ameliegemeza kwenye mlango, anakuamuru ukate kushoto, wakati yeye mwenyewe ukimpa usukani angeishia kwenye mtaro. Baiskeli yake tairi la nyuma linakwaruza madigadi toka siku niliyomfahamu, krr, krr, krr, unamsikia akiwa bado yuko kona ya juu. Nikimuuliza anasema daktari naye anaumwa. Katambuga za matairi hazivai, eti hawezi kukanyaga kazi yake. Na rula za mafundi wengine alizisema vibaya hadharani, lakini nilimfuma mara mbili akiwa amejibanza nyuma ya kompresa anahakikisha kwa futi ya kushonea nguo, aliyoichukua kwa mkewe. Aliniona nimemwona. Tukaangalia pembeni wote wawili.

Sasa uongo wangu.

Siku ya kujaribu rimu nilileta mke wangu, watoto wetu wawili, na gunia la mchele kwenye buti. Fundi akabandika udongo. Akauliza kama hakuna mwingine anayepanda gari hili. Nikasema hakuna. Akauliza tena, akitazama ndani ya gari. Nikasema hakuna. Mara ya tatu aliuliza polepole sana, na mke wangu akanigeukia, na mimi nikasema hakuna, Fundi, ni sisi tu.

Alikuwepo. Mama mkwe wangu anaishi Migato, na kila sikukuu, kila mavuno, kila ubatizo, mimi ndiye ninayemfuata. Ni mama mkubwa wa mwili, na hapa ninapoandika tu jasho linanitoka. Kwetu mkwe ni mkwe. Zamani mkipishana njiani, mwanaume anaingia porini mpaka mama apite. Siku hizi tumelegeza, tunasalimiana, anafika kwangu, anapanda gari langu. Lakini mwili wa mama mkwe hauzungumzwi na mwanaume aliyemwoa binti yake. Huwezi kusema amenenepa, huwezi kusema amekonda. Akiumwa mguu utasema mama hajisikii vizuri, ukamwacha binti yake ataje mguu. Sasa mimi nisimame pale, mbele ya vijana wa bodaboda na akina mama wa mashineni, niulizwe mwili gani, ninyooshe kidole niseme mama mkwe wangu ni kama yule pale? Bora ningekufa.

Ningeweza kusema tuongeze gunia moja la mahindi. Nimelifikiria hilo baadaye mara nyingi. Lakini Fundi angeuliza gunia hilo linakwenda wapi, na mimi sijui kudanganya hatua mbili. Basi gari likapita kwenye kalvati bila yeye. Udongo ulirudi mzima, kidole cha nje kikapita kwa shida, lakini kikapita. Fundi akanipa mkono, akaniambia niende kwa amani.

Mwezi wa tatu, mbuga zimejaa maji, mjukuu mkubwa wa mama, binti wa shemeji yangu, alikuwa anapata kipaimara hapa Bariadi, na bibi ndiye aliyechaguliwa kumsimamia. Tulikwenda familia nzima kumchukua Migato. Aliingia na kitenge kipya, viatu vya ngozi, magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku. Gari likashuka. Nililisikia kwenye mgongo wangu mwenyewe. Hatukuwa tumefika mbali, kwenye shimo la kwanza, tairi la nyuma kushoto likaanza kuimba. Shimo la pili ikaja harufu ya mpira. Nilijifanya siisikii, mwanangu mdogo akasema baba, kuna kitu kinaungua.

Nilishuka nikakuta ukingo wa madigadi umechonga tairi duara zima, nyuzi zimetokeza. Tairi la akiba halikuwa na upepo, usiniulize. Njia pekee ya kulifikisha gari kwenye lami ilikuwa kulipunguzia uzito, na uzito ulikuwa umekaa kiti cha nyuma umeshika kuku. Sikuweza kusema. Nilizunguka gari mara mbili, nikainama, nikainuka, nikashusha michembe, nikainama tena. Mama akafungua kioo. "Baba, gari limechoka?" akauliza. Nikasema ndiyo, mama. Akafungua mlango akashuka mwenyewe, akavua viatu, akaanza kutembea kwenye tope.

Mke wangu akamfuata, na watoto wakamfuata bibi yao. Nyuma yao kabisa nikawa nakuja mimi, peke yangu, na gari tupu lenye rimu zinazong'aa, kwa mwendo wa msiba. Watu walitoka mashambani kutazama. Ukipita njia ile leo bado wanasimulia mkwe aliyemswaga mama mkwe kwa gari. Tulifika kanisani askofu amekwisha kumaliza, na mtoto alisimamiwa na jirani. Mama hakulalamika hata kidogo, alikula pilau, akacheza. Mimi sikula.

Mjini habari ilifika ikiwa imebadilika. Haikuwa habari ya mwalimu mwongo. Ilikuwa kwamba rimu za Fundi zimemshusha mkwe wa watu kwenye tope. Kesho yake mchana nikasikia krr, krr, krr, Fundi amekuja nyumbani kwangu kwa baiskeli. Hakukubali maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye tairi, akalipapasa lile jeraha kwa kidole chake, kuzunguka, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Nimekosea, Mwalimu," akasema. "Nisamehe."

Na mimi nikasema, usijali, Fundi. Hivyo tu. Usijali. Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele anapepeta, akaacha kupepeta. Fundi akasema atazitoa zile rimu anirudishie za zamani. Nikasema aziache tu, tairi nitanunua jingine, maana kuzitoa kungekuwa kuanza mazungumzo. Aliondoka akiikokota baiskeli, hakuipanda.

Baada ya hapo hakumfungia mtu rimu. Ukimpeleka alikuwa anasema nenda Lamadi, nenda Mwanza, huko wapo wanaojua. Alibaki na pancha na kujaza upepo. Kopo la udongo lilikauka likapasuka nyufa, kuku wakawa wanalichakura. Yule mama wa samaki alinisimamisha barabarani akaniuliza kama nimemroga mzee, na alikuwa anatania. Nilikuwa napita njia ya nyuma nisimwone Fundi. Nilipotakiwa kujaza upepo nilimtuma jirani. Kila nikisema leo nakwenda kumwambia, nilikuwa naona pale mashineni watu wamejaa, nageuza njia. Mama mkwe toka siku ile akawa anapanda basi, akisema hataki kulichosha gari la baba.

Mke wangu ndiye aliyechoka. Juzi, pamba imekwisha kuvunwa, mama alikuwa amekuja kututembelea, na siku ya kurudi Migato mke wangu akamweleza kila kitu, jikoni, mimi nikiwa sebuleni nasikia sufuria tu. Walipotoka, mama aliupita mfuko wake wa safari ya basi, akaenda akaketi kwenye gari, kiti cha nyuma kushoto. Watoto wakaingia. Magunia mawili ya unga yakaingia. Mke wangu akakaa mbele, akafunga mkanda, akaniambia twende, ila tupitie kwa Fundi.

Niliendesha kama nimebeba mayai. Kwa Fundi palijaa kuliko siku zote, watu wanasaga mahindi mapya. Nikashuka nikasema mwadila. Akaitikia, hajainua kichwa, anaziba tyubu ya baiskeli ya mtoto. Nikauliza ng'ombe, akajibu. Nikauliza kisima chao, akajibu. Akaniuliza za shule. Salamu zikaisha zote, hata za mbuzi, na mimi bado nimesimama.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya chini, "siku ile uliniuliza mara tatu kama kuna mwingine. Alikuwepo."

Akaendelea kuikandamiza ile tyubu. "Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri. Akaniambia, taratibu, kwamba siku ile alipochungulia ndani ya gari alikiona kioo changu cha kati, kile cha kutazamia nyuma. Kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama paa. Ni kweli, hukigeuza nikimbeba mama, ili nisije nikakutana na macho yake njia nzima, na mara nyingi nasahau kukirudisha. Fundi akasema mwanaume wa Kisukuma anayegeuza kioo juu habebi mchele. Alijua kuna mkwe. Alitaka kuuliza wazi, akaona haya, maana swali linalofuata ni lile la mwili gani, na yeye naye ana mkwe wake, naye asingependa kuulizwa. Kwa hiyo akauliza vile vile mara tatu, akitegemea nitajisaidia. "Fundi anayeona haya kuuliza mzigo si fundi," akasema. "Ndiyo maana nikaacha."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Miezi yote ile nilidhani yeye amebeba kosa langu, kumbe alikuwa amebeba la kwake, na mimi nimebeba langu, kila mmoja na njia yake ya nyuma. Nikamwambia kosa la kwanza ni la mdomo wangu, asinipunguzie. Nikamwomba alipime gari leo, na mzigo wote umo ndani. Akageuka akalitazama gari, akamwona aliyekaa kiti cha nyuma kushoto, akainamisha macho upesi. Akafungua mdomo kuuliza swali lake la kawaida, akaufunga. Nikafungua wangu, nikaufunga. Tukasimama pale wawili, wazee wazima, tunatazama tyubu.

Kioo cha mlango wa nyuma kikashuka.

"Kilo mia moja na tatu," alisema mama mkwe wangu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Juzi wamenipima kliniki. Unga nao ni magunia mawili."

Mashine ilikuwa inanguruma lakini naapa wote walisikia. Mimi na Fundi tulimpa mgongo kwa pamoja, kama askari. Akina mama wa foleni walikuwa wanajizuia, mmoja akashindwa. Mama akawageukia wale, akawaambia habari waliyoisikia mwezi wa tatu haikuwa sawa. Akasema fundi huyu hakukosea. Akasema mkwe wake ni mtu wa heshima sana, alimficha yeye, na heshima hiyo ilimtembeza kwenye tope na viatu mkononi, kwa hiyo leo anaipumzisha kidogo. Wakapiga vigelegele. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Fundi aliiweka tyubu chini. Alifuta mikono kwa kile kitambaa, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaja kwa nyuma ya gari, macho chini, akasalimia kwa kupiga makofi mawili jinsi mkwe anavyosalimiwa, ingawa si mkwe wake. Akapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto. Nilimwona akisogeza kidole chake kilichothibitishwa pale kati ya tairi na ukingo wa madigadi, akasukuma, akajaribu kwa upande, akasukuma tena. Nilikuwa simwoni uso, ila nilisikia anapumua kwa kazi, vile alivyokuwa akipumua zamani.

"Hakiingii, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi badilisheni rimu," mama akajibu kutoka ndani, akafunga kioo nusu. "Mimi sishuki."